Mama Anastasie, Aliyeng'oa Migomba Yote

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye kazi mikononi aendelee nayo, masikio tu yanatosha. Leo tunamkumbuka Mama Anastasie Riziki, mkulima wa ndizi. Amefariki msimu huu wa mvua huko Lushebere, katika kambi ya waliokimbia vita. Kwa aliyechelewa kufungua redio narudia: Mama Anastasie Riziki, mkulima wa ndizi, wa kilima kilicho juu ya Lushebere, hapa kwetu Masisi.

Hakuwa mtu mashuhuri. Wala hakuwa mpole, tusidanganyane kwa sababu amekufa. Alikuwa na ulimi. Majirani wanasema ukimkosea asubuhi, mpaka jioni bado anakujibu. Lakini yaliyompata yeye yaliwapata wengi wenu mnaonisikiliza, na wengi wenu mmenyamaza. Yeye hakunyamaza.

Alizaliwa Walikale, upande wa Kalembe, kwa watu wa pori. Baba yake alikuwa mwindaji. Akaja kuolewa Masisi na marehemu Sébastien, ambaye ukoo wake umelima kilima kile tangu zamani za mababu. Mdogo wa Sébastien anaitwa Zéphyrin. Huyo alipenda kumtania shemeji yake mbele za watu.

"Bibi ya kaka, kwenu munakula nyama ya pori tu. Ndizi utaijulia wapi?"

"Njo nimekuja kwenu kujifunza, semeki," Anastasie akamjibu. "Na wewe siku utafika kwetu, tutakufundisha kutembea bila kuanguka."

Watu walicheka sana. Ulikuwa utani wa mashemeji tu. Baadaye utani ule uliisha, yakabaki maneno.

Sébastien alifariki mapema. Aliacha mjane na binti mmoja, Nadine. Mtoto wa kiume hakuwapo. Aliacha pia shamba la ndizi, lililosongamana mpaka mchana ulikuwa kama jioni ndani yake.

Hapa nisimame kidogo, kwa ajili ya wanaotusikiliza kutoka mbali. Kwetu Masisi mpangaji wa shamba anapewa ruhusa ya maharage na mihogo. Avune, aondoke. Ndizi haruhusiwi kupanda, kwa sababu ndizi ni ya kukaa. Anayepanda ndizi ni mwenye udongo. Kwa hiyo migomba ya Sébastien ikisimama, mjane wake na binti yake wana kwao. Migomba isipokuwapo, kila mtu anaweza kusema lolote. Shikeni hilo, maana Mama Anastasie alilishika maisha yake yote.

Kisha ukaja ule ugonjwa ambao watu waliuita sida ya ndizi, yaani ukimwi wa ndizi. Mnaufahamu. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Mkungu unaiva kabla ya wakati wake, ukipasua ndizi ndani ni nyeusi. Ukikata shina, linatoa usaha wa manjano. Ng'ombe hali, mbuzi hali, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haitoki.

Na sisi wenyewe tuliutembeza. Siku ya salongo majirani wanasaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwenye panga kali anawaazima wenzake. Panga lile lilikata mgomba mgonjwa kwa jirani, likafutwa kwa jani, likaingia kwa jirani mwingine. Anastasie alikuwa na panga kali kuliko yote kilimani. Hakuwahi kumnyima mtu.

Wakaja watu wa kilimo. Walisema: ng'oeni yote. Mgomba mmoja ukiugua, ng'oa ukoo wake wote, pamoja na machipukizi yaliyo mazima, fukia, panda maharage, ngoja. Hawakuwa waongo. Ndivyo walivyojua siku zile.

Anastasie alitii. Alikuwa wa kwanza kilimani kutii.

Nadine anakumbuka: "Tulichimba mpaka migongo ikakataa kunyooka. Shina ya ndizi si muhogo. Inashika udongo kama muntu anakataa kutolewa ndani ya nyumba yake. Mama alikuwa analia na anachimba. Nikamuambia, mama, hii iko mzima, tuiache. Akasema, hapana, wamesema yote."

Zéphyrin hakung'oa. Alikata migomba iliyokauka tu, akaenda kunywa. Nasema ukweli kama ulivyo: alifanya hivyo kwa uvivu. Na uvivu wake ukamfaa. Shamba lake liliugua, likapungua, lakini halikuisha. La Anastasie likabaki uwanja wa maharage.

Haikupita miaka mingi, Zéphyrin akaenda kwa shefu wa kijiji.

"Shefu, angalia wewe mwenyewe. Pale kuna nini? Maharage. Nani analima maharage tupu? Mupangaji. Bibi ya kaka tunamuheshimu, alime, akule. Lakini udongo iko ya ukoo, irudie ukoo."

"Na Nadine?" shefu aliuliza.

"Nadine ataolewa."

Mnaona ilivyokuwa. Mwanamke alitii, na kutii kwake kukawa ushahidi dhidi yake. Toka siku hiyo Anastasie aliogopa jambo moja tu: kwamba binti yake atakosa kwao.

Ndipo alipofika kijana anayeitwa Damien, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo. Aliwakusanya watu kwenye kiwanja cha kanisa, Lushebere, kuwaeleza yaliyopatikana kwenye utafiti. Alisema wataalamu wamechunguza migomba kwa miaka, katika Kivu hii na nchi za jirani. Wameona kwamba mgomba mmoja ukiugua, si lazima machipukizi yake yote yawe yameambukizwa. Mengi hubaki mazima. Kwa hiyo using'oe ukoo mzima. Kata shina lililougua tu, chini kabisa kwenye udongo. Choma panga kwenye moto kabla ya kugusa shina lingine. Ua la chini ya mkungu livunje kwa mti wenye panda, usilikate kwa panga. Ukirudia hivyo bila kuchoka, ugonjwa unapungua mpaka karibu kwisha.

Watu walifurahi. Wengine walipiga makofi. Anastasie alisimama.

"Kaka, narudilia nisikie muzuri. Munasema ilikuwa ya kukata moja tu?"

"Ndiyo, Mama. Ile inagonjwa tu."

"Na zingine zilikuwa zitabakia?"

"Nyingi zingebakia."

"Mimi niling'oa yote. Mulituambia yote."

Damien hakukimbia swali. Aliweka chini mkoba wake. "Mama, wakati ile hatukujua."

"Naelewa. Muntu anaweza kukosa kujua. Lakini ile kukosa kujua kwenu iko ndani ya shamba yangu, haiko ndani ya shamba yenu."

Makofi yaliisha. Wapo waliomwona mkorofi, mgeni amekuja na habari njema, yeye anamfokea. Mimi nasema alikuwa na haki. Damien naye alikuwa na haki ya kusema hawakujua, maana ndivyo elimu inavyokwenda, leo inajisahihisha. Lakini inapojisahihisha kuna mtu alikwisha kuchimba.

Kisha Anastasie akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alimwomba Damien machipukizi mazima.

Aliyapanda. Zéphyrin akapanda mlima kumzuia, na panga begani.

"Mupangaji hapande ndizi."

"Njo maana napanda, semeki. Uone kama niko mupangaji."

Shefu aliwatenganisha. Alisema migomba ikae, kesi itaangaliwa. Migomba ikakaa. Ikaota, ikazaa, shamba likaanza tena kuwa na kivuli. Nadine anasema mama yake alianza hata kuimba, na alikuwa haimbi.

Halafu jani moja likawa manjano.

Habari haikai kilimani. Asubuhi ile Zéphyrin alifika na wanaume na majembe. "Imerudia," alisema. "Atatuuwa sisi wote. Tung'oe, leo, yote." Na wasikilizaji, wale wanaume hawakuwa wabaya. Waliogopea mashamba yao. Wao walikuwa wamesikia ng'oa yote kwa miaka, na kata moja kwa muda mfupi tu. Hata Anastasie mwenyewe aliogopa. Kama Damien naye amekosea kama wale wa kwanza, kilima chote kitamlaani. Lakini akiwaachia wang'oe, Nadine hana kwao.

Alikoka moto mbele yao. Akachoma panga. Akakata shina moja, chini kabisa. Akachoma panga tena.

"Muntu asiguse ingine," alisema. "Mukitaka kung'oa, mung'oe mimi kwanza."

"Bibi wa pori huyu," mmoja alisema, na mwingine akacheka, na kicheko kile kiliwaondolea ugomvi. Wakaondoka. Walisema wanampa mpaka mavuno.

Mpaka mavuno, machipukizi ya mgomba ule yalikuwa mazima. Aliona jani jingine la manjano upande mwingine, akakata shina lake. Kisha ukapita msimu mzima wa mvua hakuona tena jani la manjano. Majirani walianza kuja na moto wao kujifunza. Zéphyrin hakuja.

Vita ndivyo vilivyomtoa. Mnajua jinsi risasi zilivyopanda na kushuka kwenye milima yetu. Anastasie na Nadine wakashuka kambini Lushebere, chini ya hema. Wenzake waliwaza chakula. Yeye aliwaza chakula na majani ya manjano. Dawa ile ya kukata shina moja ina ubaya wake: inataka mtu awepo. Shina likiugua, lisipokatwa, ugonjwa unaendelea mbele. Kwa hiyo kila risasi zikinyamaza, alipanda mlima kwenda kukata.

"Nilimuambia, mama, watakuuwa kwa sababu ya ndizi," Nadine anasema. "Akaniambia, si kwa sababu ya ndizi."

Risasi haikumpata. Alirudi mara ya mwisho amelowa mwili mzima, akaanza homa. Kituo cha afya kilikuwa kimejaa watu na hakikuwa na dawa. Mama Anastasie Riziki akafariki.

Nadine alitaka azikwe kilimani, ndani ya migomba, karibu na Sébastien. Zéphyrin alikataa. Sote tunajua kwa nini. Kaburi lake likiwa pale, hakuna tena wa kusema alikuwa mpangaji. Shefu alisema kesi haijakatwa. Maiti haisubiri kesi. Alizikwa kwenye makaburi ya kambi, mvua ikinyesha. Zéphyrin alikuja mazikoni akasimama mpaka mwisho, kofia mkononi. Baada ya hapo akapanda kilimani, akaweka wanawe kwenye shamba.

Wiki iliyopita alishuka mwenyewe mpaka hemani kwa Nadine. Majani yameanza manjano, sehemu nyingi. Wanawe walikata, ugonjwa ukazidi.

"Mutoto yangu, kuja utuonyeshe," alisema.

Nadine hakumkaribisha kuketi. "Munachoma panga?"

"Mara moja moja."

"Nitakuja, papa mudogo. Lakini sikuje kuwasaidia. Nakuja kukata ndizi ya baba na mama. Utasema hivyo mbele ya shefu, ao unaenda kuzing'oa peke yako."

Zéphyrin akavaa kofia yake, akaondoka. Mpaka ninaposema nanyi, hajaenda kwa shefu. Nadine pia hajapanda mlima.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunakupa pole, Nadine. Tunawapa pole watu wenu wa Kalembe, ambao barabara iliwazuia kufika mazikoni. Na wewe Papa Zéphyrin, najua unasikiliza, pole kwa kufiwa na shemeji. Njia ya kwa shefu unaijua.

Sisi wengine tutafakari hivi. Wanaogundua mambo mapya waje, tunawahitaji, hiyo njia ya kata moja imeokoa migomba mingi. Lakini wakija kutuambia kwamba ya zamani yalikuwa makosa, tuwapeleke kwanza kwa wale walioyatii. Wapo kila kilima. Ni wale wanaolima maharage mahali palipokuwa na ndizi.

Mama Anastasie, pumzika. Kule juu majani yanazidi kuwa manjano.