Fundi Mkono na Wanafunzi Wake Sita

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Mkono, nami nitayasoma kama alivyotaka yasomwe, bila kuruka penye doa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa baba yetu, fundi wa injini, na mama yetu, mkunga, na alipokuwa na miaka minne aliugua polio, ikamwachia miguu isiyoweza kumbeba. Alianza shule mwaka 1969 akiwa mgongoni kwa dada yetu mkubwa, aliyemtania kila siku kwamba ni abiria asiyelipa nauli, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, kisha akapelekwa chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu, ambako kila aliyeingia alifundishwa kusuka vikapu, apende asipende. Yeye alitaka ushonaji, na kwa kuwa hakuweza kukanyaga pedali, alijizoeza kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiongoza kitambaa, na hapo ndipo lilipotoka jina lake.

Mwaka 1988 alifungua karakana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akawaketisha pamoja wanafunzi wenye ulemavu na wasio nao, kwa sharti moja, kwamba usimsaidie mwenzako kabla hujamuuliza anataka nini. Tarehe 14 Oktoba 1989 alimwoa shemeji yetu, ambaye shangazi zake walipomuuliza atafanya nini na mume asiyetembea, aliwajibu kwamba yeye hatafuti tarishi, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwezi Mei 2016 kiwanda cha sare kiliajiri wanafunzi wake sita wenye ulemavu, naye alifurahi kupita kiasi, mpaka alipokwenda kuwatembelea na kuwakuta wote kwenye meza moja mlangoni, wanapopita wageni, wakikata nyuzi za sare zilizoshonwa na wengine. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliamini anawapunguzia taabu. Kaka alikasirika, akawaambia wote kwa mdomo na kwa ishara waondoke, wakamfuata, na kiwanda hakikuchukua tena mtu kutoka kwake.

Siku chache baadaye msimamizi alimweleza kwamba mmoja wa wale sita, binti asiyesikia, alikuwa akijifunza mashine kubwa saa za chakula, kwenye kiti cha mshonaji aliyekwenda kula, na wiki iliyofuata angepewa mashine yake mwenyewe. Kaka hakuwa amemuuliza. Wengine walipata vibarua hapa na pale, lakini binti yule alirudi kukaa kwao, na kila alipokutana na kaka sokoni aligeuza uso, na kwa mtu anayeongea kwa ishara, hapo mazungumzo yameisha. Kama alikosea kuwatoa, au alikosea tu namna ya kuwatoa, alilibishania na shemeji kwa miaka minane, wala hawakuafikiana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa mwezi Mei mwaka huu wa 2024, na Alhamisi ya mwisho akaomba binti yule aitwe. Alikuja. Kaka alimwomba radhi kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na dripu, naye akamjibu kwa ishara, ambazo amenipa ruhusa kuzisema hapa: kwamba amemwelewa, lakini kazi bado hana. Kaka alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba maji na viti, na mafundi wenzake waliofunga karakana ili wawe nasi. Tunamshukuru pia msimamizi wa kiwanda, ambaye tumemwona ameketi nyuma, na tunamwomba asiondoke mara tu baada ya mazishi, kwani binti yule yupo, mkalimani yupo, na familia haitamsemea.

Pumzika, kaka, kwa amani ile uliyoweza kuipata.