Nilivyoukana Mlenda wa Nyumbani

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Mama Daudi, wa hapa hapa Mlali, na leo nasimama kuukiri uongo wangu mbele yenu.

Daudi wangu ana miaka sita. Ubongo wake uliumia siku ya kuzaliwa. Shingo haijakaza vizuri, hajasema neno, lakini akicheka nyumba nzima inacheka! Shida kubwa ilikuwa kumeza. Kila mlo ulikuwa vita. Nilimlaza, nikamnywesha uji mwepesi wa maziwa, akakohoa mpaka macho yakageuka. Akakonda, ndugu zangu, akabaki mbavu. Tena nilimlishia chumbani, mlango nimeufunga, majirani wasione mate yanavyomtoka.

Kwenye kliniki ya mjini, mtaalamu wa watoto wa namna hii, Dada Zuhura, aliniuliza Daudi anakula nini nyumbani. Nikajibu: ndizi mbivu, mtindi, parachichi. Parachichi! Mlali hii ya ukame! Niliona nikitaja mlenda, mboga yetu ya kuteleza, wataniona mshamba asiyejua kulea. Hata mama mkwe nilimkataza asimpe. Naye hakubishana, jambo ambalo lilipaswa kunishtua mapema, maana mama mkwe wangu hunyamaza akiwa amelala tu.

Dada Zuhura akashangaa. Chakula kizuri hivyo, na mtoto anazidi kupungua? Akaniambia wazi kwamba tukiendelea hivi tutampoteza. Njia nzima ya kurudi nililia, "Bwana, usinichukulie Daudi!" Lakini uongo wangu sikuufuta.

Wiki iliyofuata akatutembelea bila taarifa. Nikamkaribisha, tukapita uani, na hapo ndipo nilipoumbuka. Mama mkwe kaketi mkekani, kampakata Daudi wima kifuani pake, kidevu kimeinama kidogo, anamlisha tonge dogo laini la ugali lililozama kwenye mlenda. Hakohoi! Anafungua kinywa kudai lingine!

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hata hakuinuka.

"Mkamwana, mtoto alikuwa na njaa," akasema.

Dada Zuhura akavua viatu, akaketi nao. Binti wa Kondoa yule, Mwislamu na ushungi wake, mlenda ameukulia. "Mama Daudi, kwa nini ulinificha?" akaniuliza, wala hakunikaripia. Akanieleza kuwa uji mwepesi humponyoka mtoto kooni kabla hajajiandaa kumeza, lakini mlenda huu mzito unaoteleza anaumudu, mradi aketi vile bibi alivyomshika. Kisha akamwomba bibi anifundishe mimi! Akatuambia tuongeze karanga zilizosagwa laini, na akakaa akitazama kila tonge mpaka Daudi akashiba.

Ndugu zangu, nilikuwa naomba muujiza, kumbe Bwana alishautia chunguni mwangu, nami naufunika kwa aibu! Daudi hajatembea bado, hajasema. Lakini mtazameni pale mapajani mwa bibi yake, mashavu hayo! Sasa anakula mkekani na wenzake, mlango wazi, mate na yatoke. Aliyefunguliwa hasa ni mimi.

Asante Yesu! Asante Dada Zuhura, Mungu amtunze. Asante mama mkwe wangu, unayejifanya husikii.

Na wewe mama uliyemfungia mtoto wako ndani ukaja ibadani peke yako, nakufahamu, maana nilikuwa wewe. Mungu hamwonei haya mtoto wako. Mtumaini. Nenda kamchukue sasa hivi. Sisi tutaimba tukiwasubiri.