Night Poni na Miaka Miwili Iliyobaki

Aliyemwambia Night Poni kwa mara ya kwanza kwamba kuna ufadhili wa kusomea udaktari wa mifugo alikuwa Mzee Igga, daktari wa mifugo aliyekuja Koboko Januari 2020 kuchanja mbuzi wa baba yake, akamwona msichana anavyomshika beberu pembe bila woga, akasema, "Huko Kampala wanatafuta wanafunzi wa upande wetu huu, hasa wasichana, maana hatuna madaktari, andika barua."

Marehemu alizaliwa Koboko usiku wa tarehe 9 Aprili 2001, ndiyo maana akaitwa Night, mtoto wa nne wa Sajini mstaafu Lokule na Mama Paska, akasoma shule ya msingi hapo hapo Koboko kuanzia 2007 hadi 2013, kisha sekondari mjini Arua, akiishi kwa shangazi yake mtaa wa Mvara, akamaliza kidato cha sita Novemba 2019. Ufadhili aliupata, na Februari 2021 alipanda basi kwenda kuanza masomo ya miaka mitano, baba yake akimsindikiza amevaa koti la jeshi, akiwaambia abiria, "Huyu iko kwenda kuwa daktari ya ng'ombe, msimkanyage."

Tarehe 17 Desemba 2022 alifunga ndoa na Alionzi, mwalimu wa Ediofe, na tarehe 2 Februari 2024, baada ya kumaliza mwaka wa tatu, wakajaliwa binti yao wa pekee, Lillian. Aliomba ruhusa ya muhula mmoja tu ili anyonyeshe, lakini tarehe 26 Februari ikaja barua kwamba ufadhili haumsubiri mtu, anayekosa muhula nafasi yake hupewa mwingine. Aliandika barua nne nyingine, mtoto akiwa mapajani, akajibiwa moja, kwa maneno yale yale. Wenzake walipoingia mwaka wa nne walichomwa sindano za kinga dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mwaka huo ndipo mwanafunzi anaanza kushika wanyama wagonjwa, naye wakati huo alikuwa nyumbani Arua akifua nepi.

Mei 2024 Mzee Igga, ambaye alikuwa amestaafu, alimpa kazi katika duka lake la dawa za mifugo mjini Arua, akawa anapanda boda kwenda kutibu vijijini, na watu walimwita daktari, naye kila mara aliwajibu, "Bado miaka miwili."

Tarehe 11 Juni 2025 aliitwa Omugo kwa ng'ombe wa Mzee Obitre, aliyekuwa akitoa udenda na kukataa majani, wakamwambia amekwamwa na kokwa ya embe, maana ulikuwa msimu wake. Night aliingiza mkono kinywani hadi kwenye kiwiko, mkono uliokuwa na jeraha la kisu cha kumenyea muhogo, akatafuta, akasema, "Hakuna embe humu." Ng'ombe alikufa tarehe 13, na hapo ndipo mke wa Obitre alipokumbuka mbwa aliyemng'ata ng'ombe huyo mwezi wa Aprili. Night alirudi Omugo siku hiyo hiyo, akawazuia kumchuna, akasimama hapo mpaka mzoga ukazikwa, na usiku huo akamwachisha Lillian ziwa, akatenga kikombe chake, maana ugonjwa huo hupitia kwenye mate.

Alianza kutafuta sindano. Mahali pa kwanza waliuliza mbwa amemuuma wapi, akasema si mbwa, ni ng'ombe, wala hakumuuma, watu kwenye foleni wakacheka, mmoja akasema, "Dada, ng'ombe naye iko na kichaa?" Mahali pa pili dawa ilikuwa imekwisha, pa tatu alichomwa moja tarehe 17 Juni, akaambiwa arudi kwa nyingine, akarudi mara tano, haikuwa imefika. Aliujua ugonjwa huo kuliko waliokuwa wakimweleza, kwa hiyo maji yalipoanza kumkaba koo tarehe 21 Julai hakumuuliza mtu ni nini, alimwomba tu Alionzi afunge mlango na kumweka mtoto mbali. Asubuhi ya tarehe 25, alipotolewa nje kupelekwa hospitali, Lillian aliponyoka mikononi mwa Annet, wifi yake Night, akamkimbilia mama, akambusu mdomoni. Night alifariki jioni hiyo, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Familia inawashukuru wauguzi waliomshika hadi mwisho bila kumwogopa, majirani wa Mvara waliopika, Mzee Igga na wafanyakazi wa duka, na watu wa Omugo waliotembea kuja hapa. Inawaomba pia wazee wamsamehe Annet, anayewasomea karatasi hii, kwa kuwa ataondoka kabla ya maziko, sindano ya pili ya Lillian ni leo tarehe 29, na hakuna aliyemhakikishia kwamba ipo.

Ya kwanza ilipatikana hivi. Asubuhi iliyofuata kifo, Annet, ambaye hata kanisani huketi nyuma, alimfunga Lillian mgongoni, akaenda hadi dirisha la dawa hospitalini, wakamuuliza kidonda kiko wapi, akasema hakuna kidonda, mama yake amekufa jana kwa ugonjwa huo, na mtoto alimbusu. Wakamwambia dawa hakuna. Akaketi kizingitini, watu wakawa wanamruka, hakuondoka mpaka saa saba mchana, walipoileta.

Night, pumzika sasa kwa amani.