Mwamuzi Aliyeuliza Mara Mbili

Ndugu, jamaa na majirani wa Prairie Fork, nanyi mliosafiri kutoka mbali, familia imenituma mimi, Wade Oltmanns, mkwe wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kusoma neno kwa neno, nitajitahidi nisiruke mstari.

Marehemu Leland Emil Kubicek alizaliwa tarehe 3 Machi 1938, shambani kwa wazazi wake, maili sita kaskazini mwa mji huu wa Nebraska, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Emil na Mama Blazena, akasoma shule ya chumba kimoja hadi mwaka 1952, kisha sekondari ya hapa mjini, alikohitimu Mei 1956. Huko alicheza futiboli ya Kimarekani miaka minne, vibaya mno kwa maelezo yake mwenyewe, hata kocha akampa kitabu cha kanuni akisome benchini, asikae bure.

Kitabu hicho hakukirudisha. Mwaka 1957 aliajiriwa katika ghala la nafaka la ushirika, akapima mahindi yenu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2000, na tangu Septemba 1961, kila Ijumaa ya msimu, alivaa shati la mistari na kuchezesha mechi za sekondari. Tarehe 13 Juni 1964 alifunga ndoa na Arlene Hruska katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Daniel mwaka 1967 na Connie mwaka 1974. Mama Arlene ni shahidi kwamba Jumamosi asubuhi waamuzi wenzake walijaa jikoni kwake, wakamaliza maandazi yote ya kolachi, na kubishania kifungu cha kurusha sarafu mpaka kahawa ikapoa.

Kuna siku moja ambayo siwezi kuipita kimya. Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1992, saa nane mchana, alichezesha nusu fainali ambamo mimi nilikuwa nahodha wa sekondari ya Dunmore, nikiwa na miaka kumi na saba. Anayeshinda sarafu huchagua kuupiga mpira wa kwanza, kuupokea na kuanza kushambulia, upande wa kulinda, au kuahirisha chaguo lake hadi kipindi cha pili, na kocha alikuwa ameniagiza niahirishe, ili tuanze kwa kupiga na baadaye tupokee sisi. Nilishinda sarafu, upepo ukivuma, nikasema, "Sisi tutapiga."

Mzee alijua kabisa nilichokusudia, lakini kitabu kilisema chaguo likishatamkwa halibadilishwi, akageukia jukwaa na kuonyesha ishara ya kupiga. Nilikuwa nimeshatumia chaguo langu, la kipindi cha pili likawa la wapinzani wetu, wakapokea mpira mara zote mbili, nasi tukafungwa kumi na nne kwa kumi na tatu. Kinyozi wangu kule Dunmore huniita Mpiga hadi leo.

Lakini aliyeumia zaidi ni yeye. Wenzake waligawanyika, nusu wakisema kauli ni kauli, nusu wakisema mwamuzi aliyeelewa hana budi kuuliza, naye akakiri kwamba hakuna mstari uliomkataza kuniuliza. Tangu msimu uliofuata hadi alipotundika filimbi mwaka 2004, aliwaita manahodha kando kabla ya mechi, akawaeleza machaguo yote manne, na katikati ya uwanja akawauliza mara mbili. Tabia hiyo ilihamia nyumbani, hata nilipokwenda kumposa Connie, Machi 1999, aliniuliza kama nina hakika, nikajibu, akaniuliza tena, ndipo Mama Arlene akasema, "Leland, mwache kijana ale." Tulioana tarehe 9 Oktoba mwaka huo, na kwa miaka ishirini hatukuitaja mechi ile hata siku moja.

Februari 2017 marehemu alianza kuugua mapafu, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 14 Oktoba 2019 akalazwa hospitali. Ijumaa iliyopita, tarehe 18, alasiri, nilikuwa nimeketi naye peke yangu, akanishika mkono. "Wade, nilipaswa kukuuliza tena. Umenisamehe?"

"Baba, mechi ilishakwisha. Kunywa maji."

"Nakuuliza mara ya pili."

Nilishindwa kumtazama, nikatoka kwenda kumtafutia mto wa pili, na niliporudi alikuwa usingizini, akafariki saa kumi na dakika ishirini jioni bila kuamka. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliomvunia Daniel ekari sitini za mahindi wiki hii bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa ghalani, na waamuzi mliokuja leo na mashati yenu ya mistari.

Na swali lako, Baba, bado linanidai jibu. Maneno yale ya "Sisi tutapiga" niliyasema mwenyewe, kwa sauti, nawe uliyasikia sawasawa. Nimekusamehe. Ungeniuliza tena, jibu lingekuwa hilo hilo, na najuta kwamba sikukupa ulipolingoja. Pumzika kwa amani.