Akonaay Sylvester na Bei Iliyovunja Zizi

Wakubwa zetu shikamooni, na wote poleni kwa msiba. Mimi Hermani, baba mdogo wa marehemu, nasoma maneno ya mama yangu, Bibi Fransiska, ambaye shule hakwenda, lakini ndiye aliyemlea marehemu, kwa hiyo nimeyaacha kama alivyoyasema.

Mjukuu wangu Akonaay alizaliwa hapa Nangwa tarehe 14 Machi 1994, mtoto pekee wa marehemu Sylvester na marehemu Paskalina, akaanza shule ya msingi mwaka 2001, akamaliza kidato cha nne Katesh mwaka 2011, akaendelea hadi chuo kikuu, akahitimu shahada ya hisabati mwaka 2017, na Januari 2018 akaanza kufundisha Balangdalalu.

Tarehe 15 Juni 2019 alifunga ndoa na Judica, kule Dongobesh, wakajaliwa binti mmoja, Rogathe, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2020.

Jioni, akishasahihisha madaftari, alikaa na kompyuta akiandika kanuni za kusoma michoro ya bei za hisa, akaniambia, bibi, bei ni kama ng'ombe zizini, inagonga fito za juu inarudi, inagonga za chini inarudi, na siku ikizivunja za juu ndipo inapanda kweli, nami nataka kompyuta inishtue mapema. Nikamwambia, kwetu ng'ombe akivunja zizi tunalia, ninyi mnashangilia, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka 2022 kompyuta ilimshtua kwamba bei ya hisa ya kampuni moja ndogo imevunja fito za juu, akawaambia wenzake wa kikundi chetu cha kuweka akiba, wakanunua, bei ikapanda, kompyuta ikashtua tena, wakauza mbuzi, wakanunua tena. Siku moja Mzee Halfani, mwenye duka Katesh, mwanakikundi pia, alisimama mlangoni akauliza, mwalimu, hawa wengine wanaonunua pamoja nasi ni akina nani. Akonaay akaingia ndani, akalinganisha tarehe za bei kupanda na tarehe zao za kununua, akatoka amepauka, akasema, mzee, ni sisi, wengine hakuna, bei tunaipandisha wenyewe.

Walipotaka kuuza, mnunuzi hakuwepo. Hapo akaanza kuandika kanuni nyingine, ya kutambua mnunuzi wa kweli akitokea ili wenzake wamuuzie watoke, akaondoa manunuzi yao wenyewe kwenye hesabu, na tangu siku hiyo kompyuta ilinyamaza kabisa, nikamwambia pumzika mwanangu, akajibu, bibi, wale mbuzi waliuzwa kwa neno langu.

Juni 2024 alianza kuumwa tumbo, ikaonekana ni saratani ya ini, na hata kitandani alimwomba Judica amfungulie mchoro, Judica akamwambia, baba Rogathe, mchoro umelala vilevile, naye akageukia ukutani. Alifariki tarehe 11 Januari 2025, alfajiri, bila kupata alichokitafuta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Balangdalalu, majirani waliotuletea maji na kuni, na ninyi wanakikundi mliochimba kaburi hili, hali hisa zenu zimekaa bila wa kuzinunua. Kanuni ile aliyoiacha, hakuna kati yetu anayeweza kuisoma.

Akonaay, mwana wa mwanangu, bei usiiangalie tena, pumzika kwa amani.