Injini Iliyonichoma Mkono

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi wa rika langu, habari za tangu asubuhi? Nimesikia marahaba kutoka upande wa kina mama tu. Wanaume nadhani bado wanatafuna mihogo ya mwenyekiti. Haya, tafuneni, mimi nitasema taratibu.

Katibu wa mkutano huu ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, na akaniomba nisitaje jina la mtu. Sitalitaja. Ila Mwanza yetu ni ndogo, mtawatambua wenyewe kwa kazi zao. Na huu mkono wangu wa kulia hauhitaji kutajwa, unaonekana. Kimebaki kidole gumba na kingine kimoja. Ndiyo, mliokaa nyuma, ni huu hapa.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Si boti za kubebea ndizi, ziheshimiwe hizo, zinatulisha. Nasema zile boti fupi, nyembamba, zinazoinua pua majini na kuacha povu nyuma kama barabara nyeupe. Miaka ile kabla ya Uhuru, Wazungu wa klabu walikuwa wanashindana nazo siku za Jumapili, na sisi tunatazama kutoka kwenye mawe.

Basi kulikuwa na tajiri mmoja wa pamba, Mhindi mzaliwa wa hapahapa. Naye alikuwa na boti yake, na kila Jumapili alikuwa wa mwisho. Siku moja akaja gereji kwangu Mkuyuni, shati limelowa, akaniambia, "Fundi, nimechoka kunywa maji yanayorushwa na boti za wenzangu. Nijengee injini."

Nikamwambia, "Injini ya namna gani, tajiri?"

"Ambayo watu wakiisikia watatoka majumbani."

Ndugu zangu, nawaambia, nililisubiri neno hilo maisha yangu yote. Babu yangu mzaa mama alikuwa mhunzi upande wa Geita, akifua majembe. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa karibu na mvukuto wake. Akiuvuta polepole, makaa yanakuwa mekundu. Akiuvuta kwa nguvu, yanakuwa meupe na chuma kinalainika kama ugali. Injini nayo ni moto tu uliofungiwa ndani ya chuma. Ukiilisha hewa kwa nguvu kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe, na ukaiongezea petroli ya kutosha, nguvu zake za farasi zinapanda ajabu. Mashine ya kuishindilia hewa ina jina lake la kigeni, lakini gerejini kwangu tuliiita mvukuto, na jina hilo likakaa.

Nilipata injini ya silinda nane kutoka kwenye lori la jeshi lililoachwa baada ya vita. Mvukuto niliung'oa kwenye injini ya dizeli iliyokufa, ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kuvioanisha viwili hivyo ni kazi niliyoifanya tangu masika mpaka kiangazi. Nilichonga bamba la kuviunganisha, nikatengeneza puli za mikanda, nikabadilisha pistoni. Siku ya kuiwasha tuliifunga juu ya magogo uani, na pipa la maji ya kuipoza pembeni. Ilipoitikia, bati la gereji lilitetemeka. Watu wakatoka majumbani kweli. Tajiri alikuwa anacheka kama mtoto.

Nikainama kurekebisha kabureta. Vali moja ikakwama ikiwa wazi. Sikujua, na hakuna ambaye angejua. Moto uliokuwa ndani ya silinda ukarudi nyuma, ukaingia kwenye mvukuto uliojaa hewa na mvuke wa petroli. Mafundi wenzangu mliomo humu mmeshaelewa. Mvukuto ulipasuka. Nilisikia mlio, halafu sikusikia kitu. Niliona mkono wangu unawaka, nikashangaa mkono huo ni wa nani.

Mke wangu ndiye aliyenizima. Alikuja na gunia alilolichovya kwenye lile pipa, akanifunika, akanilalia juu. Alama za kuungua anazo mpaka leo, ila hatawaonyesha.

Hospitali nilikaa mpaka mwezi mzima wa Ramadhani ukapita nikiwa kitandani. Vidole waliviondoa. Uso ulipona kiasi hiki mnachokiona. Nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoanguka hasa, maana hospitalini nilikuwa mgonjwa tu kama wengine.

Mkono wa kulia ndio wa kusalimia watu. Ndio wa kulia chakula. Nikaacha kwenda msikitini kwa sababu ya kuogopa kupeana mikono baada ya swala. Nikaacha kula na wageni. Wengine walisema ni uzembe wangu, wengine wakasema nimerogwa na fundi mwenzangu, na mimi nilikuwa sina hata nguvu ya kubisha. Lori likipita barabara ya kwenda Nyegezi, nilikuwa najifunika shuka kichwani. Mimi! Mtu niliyekuwa naweza kukuambia lori limebeba nini kwa kusikia injini yake inavyohema mlimani.

Siku moja mke wangu aliniwekea wali na samaki.

"Kula, baba watoto."

"Nile kwa mkono gani?"

Akanitazama. Nilidhani atalia. Wapi! Akasema, "Kwa huo uliobaki. Au wali wangu nimpe paka?"

Nikala. Lakini kazi sikuigusa. Gereji ilifungwa, kufuli likaota kutu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mtunza boila, lile pipa la chuma la kutengeneza mvuke, kwenye kiwanda cha pamba. Siku moja akaja, hakukaa hata kunywa chai. Akasema injini moja ya kiwandani inagonga na fundi wao amekwenda kwao kwenye msiba. Nikakataa. Akasema, "Shemeji, sikuombi uishike. Uisikilize tu uniambie."

Mke wangu akaniletea viatu. Aliviweka mbele yangu.

Tukaenda. Tulikuwa tunapita karibu na boila, mara, shiiiiii! Mlio kama dunia inachanika, mvuke mweupe juu. Ndugu zangu, nilijitupa chini. Nilijifunika kichwa kwa mikono, nikapiga kelele mbele ya vibarua na wapimaji pamba wote. Nilikuwa nasubiri kuungua.

Shemeji yangu hakucheka, na hakumruhusu mtu acheke. Alikuja akaketi chini karibu yangu, kwenye vumbi lile la pamba, na nguo zake za kazi. Akangoja mlio ukaisha. Akasema, "Shemeji, haijalipuka. Ile ni vali ya usalama. Mvuke ukizidi, inafunguka, inautoa nje, inajifunga. Imepumua ili isilipuke."

Nilinyanyua kichwa, nikaitazama. Kitu kidogo tu, kifuniko na springi juu yake. Nilikaa palepale chini, machozi hayajakauka, nikamuuliza, "Springi yake inakazwa kiasi gani?"

Shemeji aligeuza uso pembeni. Baadaye sana aliniambia kwamba alikuwa anaficha machozi yake, maana hilo lilikuwa swali langu la kwanza kuhusu chuma tangu niungue.

Ile injini iliyokuwa inagonga niliisikiliza siku hiyohiyo, na kesho yake nikavunja kufuli la gereji.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mkono wa kushoto haukujua kitu. Ulikuwa unapiga tupa upande, unaangusha skrubu, unanitukanisha. Mke wangu akawa mkono wangu wa kulia, na hapa simaanishi sifa tu, namaanisha alishika spana. Alizijua kwa saizi zake. Nikinyoosha mkono, ananipa ninayoitaka kabla sijaitaja. Wanawake wa mtaani wakamcheka kwamba kanga zake zinanuka grisi. Akawajibu, "Nyinyi mnashika jembe, mimi nashika spana. Jioni wote tunapika."

Mvukuto uliopasuka nikaubadilisha na mwingine wa aina ileile. Kati ya mvukuto na injini kuna chumba cha hewa. Nikatoboa dirisha pale, likaelekea juu, mbali na watu. Nikalifunika kwa kifuniko cha chuma kinachokandamizwa na springi za vali za lori. Wazo langu lilikuwa hivi: hewa ya kawaida isiweze kukifungua, lakini moto ukirudi nyuma, kifunguke, moto utoke, kijifunge. Springi za kwanza zilikuwa laini, hewa ikavuja, injini ikakosa nguvu. Za pili zilikuwa ngumu mno, zingekuwa pambo tu. Tuliendelea kubadilisha mpaka moyo wangu ukaridhika.

Nikaenda kwa tajiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Fundi, mimi nilikuona unaungua. Boti nimeiweka, sitaki tena. Ukiungua mara ya pili, mimi nitaishi vipi?" Macho yake yalilowa. Alikuwa mtu mwema, watu hawakumjua.

Nikamwambia, "Njoo uone. Nitaifanya irudishe moto makusudi."

Alikuja. Shemeji alikuja. Na yule nahodha wetu, Mkerewe mrefu ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha ile boti, alikuja akasimama mbali, nyuma ya ukuta, na sikumlaumu. Tuliiwasha, ikanguruma vizuri. Nikaizima. Nikazibadilisha nyaya mbili za plagi, hii mahali pa ile, ili cheche ipige wakati vali iko wazi. Lolote lililotokea mara ya kwanza lingetokea tena, na mimi ndiye niliyeliita.

Nikamwambia mke wangu asogee mbali.

"Wewe unasimama wapi?" akaniuliza.

"Hapa."

"Basi na mimi hapa."

"Mama watoto, sikia..."

"Nimesikia. Washa, jua linatuchoma."

Nikaweka mkono huu, huuhuu, kwenye kabureta, mahali palepale. Niliogopa, nawaambia ukweli. Shemeji akazungusha starta. Injini ikakohoa mara moja, halafu paa! Kifuniko kikaruka juu ya springi zake, ulimi wa moto ukatoka kuelekea angani, kikajifunga. Mvukuto mzima. Mkono wangu uko pale pale. Nikautazama kama mtu anayemwona ndugu yake aliyedhani amepotea.

Mke wangu akasema, "Tena." Tukairudia. Paa! Tena. Ikarudisha moto mara nyingi mpaka nahodha akatoka nyuma ya ukuta, akaja kuchungulia kifuniko chenyewe, akasema, "Hii naiendesha."

Uhuru ulipokuja, mji mzima ulikuwa barabarani na ufukweni. Katika sherehe zile kulikuwa na mashindano ya boti, na safari hii hatukutazama kutoka kwenye mawe. Nahodha alishika usukani, mimi nikakaa nyuma karibu na injini yangu. Bendera mpya tuliifunga kwenye mlingoti mdogo ambao mke wangu aliuchonga kwa mpini wa ufagio.

Mwanzoni tulikuwa wa tatu. Nahodha akafungua petroli, boti ikainua pua, nikasikia mvukuto unaimba. Tukawapita wa pili. Tulipofika kwenye boya la kugeukia, alipunguza na kuongeza kwa ghafla, na injini ikarudisha moto, paa! Moto ukaruka hewani. Ufukweni watu wakapiga mayowe, walidhani tumelipuka. Mimi nilikuwa nacheka. Nadhani nilikuwa mtu pekee Mwanza nzima aliyefurahia mlio ule. Kifuniko kimejifunga, injini inavuta, na mbele yetu imebaki boti moja tu. Tukaifikia, tukaenda nayo ubavu kwa ubavu, tukaipita karibu kabisa na mawe.

Tulikuwa wa kwanza, ndugu zangu. Pigeni makofi, msione haya, mimi mwenyewe nilijipigia.

Tangu wakati ule nimejenga injini nyingine za mvukuto, za boti za hapa, za Musoma na za Bukoba. Zote zina kifuniko kile. Nyingine zimerudisha moto, ndiyo tabia yake. Hakuna nahodha wala fundi aliyeungua kwa injini yangu. Nikiambiwa nichague kati ya ushindi wa siku ile na hilo, nachagua hilo.

Namshukuru muuguzi aliyekuwa akinifungua bandeji huku akiniimbia ili nisiutazame mkono. Namshukuru tajiri, ambaye alinionea huruma lakini hakunifungia mlango. Nahodha namshukuru kwa kutoka nyuma ya ukuta. Shemeji yangu namshukuru kwa kuketi na mimi kwenye vumbi. Na mke wangu... mama watoto, simama wakuone. Haya, amekataa. Ndiye yule mwenye kanga ya bluu anayejifanya hanisikii.

Mafunzo mengi sina. Ninalo moja. Kazi iliyokuumiza unaweza kuirudia, lakini kwanza uelewe ilikuumizaje, na usirudi peke yako. Mimi nilirudi na watu.

Jumatatu tunawasha injini mpya pale ufukweni Mkuyuni. Aliyeumia kazini na anayeogopa, aje. Atasimama karibu yangu. Nami nitamwambia siri ambayo hata nahodha haijui, kwamba kila mara kabla sijawasha, moyo bado unanidunda na kiganja kinalowa jasho.

Halafu nawasha.