Dainamiki na Shuka za Upasuaji

Jumatatu ya tarehe tatu Machi ndiyo siku mambo yalipoharibika kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Nimeyasikia ndani ya basi, kwa mama mfua shuka aliyekaa mbele yangu, ameishika fomu kama kaa la moto.

"Siku hiyo mkurugenzi mpya alitaka kila mtu aandike yeye ni dainamiki kiasi gani," alimwambia aliyeketi naye, karani wa shule. "Asiyeridhisha anaondoka. Mwisho wa kuirudisha fomu ni leo. Hivi, mwanangu, maana yake nini?"

"Inategemea, mama. Kwa mashine, ni nguvu na mwendo. Kwa mtu, ni yule asiyetulia, analeta mabadiliko kwa kasi."

Wakubwa wakilisema neno hilo, sisi wafanyakazi wa chini hufungasha virago. Hiyo maana karani hakuitaja.

"Mungu wangu! Nimeandika kwamba miaka ishirini sijabadilisha kitu. Shuka za upasuaji nazichemsha mara mbili, hata wakubwa wakisema mara moja yatosha."

"Mama, umejifukuza mwenyewe! Futa, andika unapenda kasi."

Mama aliifunika kalamu. "Nikiandika hivyo, kesho wataniambia nichemshe mara moja."

Mke wangu alipasuliwa hospitali nyingine, yenye wakubwa wa haraka kama hao. Kidonda kikaingia uchafu, nikamzika. Wakaniambia ni bahati mbaya.

Basi lilisimama kwenye geti la hospitali. Mama aliinuka, hajafuta hata neno.

"Haya, wewe uliyesoma. Nikiondoka mimi, nani atazichemsha mara ya pili?"